Gunia Si Kipimo, na Programu Yako Inamsingizia Mtu Wizi

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnivumilie. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikitengeneza na kukarabati programu za maghala, na kuna ugonjwa mmoja ambao nimeukuta karibu kila mahali nilipoitwa. Uko katika safu moja ndogo ya jedwali la bidhaa, safu ambayo wengi wetu huiunda bila kufikiri: kipimo.

Mtindo ni ule ule. Mtu anafungua hifadhidata, anaunda jedwali la bidhaa, anaweka jina, bei na idadi, halafu pembeni anaweka kisanduku cha maneno kiitwacho "kipimo". Humo karani mmoja ataandika "kg", wa pili "Kilo", wa tatu "gunia", wa nne "mfuko". Kisha, kwa kuwa mwenye biashara alisema ananunua kwa gunia na kuuza kwa kilo, mtengenezaji anaongeza safu nyingine ya kizidisho. Bidhaa ni mahindi, anaandika 90. Kazi imekwisha, ankara imetumwa, tumelipwa, tumeenda zetu.

Mimi nasema hiyo 90 ni uongo, na kuna mtu anayeulipia uongo huo kutoka mfukoni mwake. Anaitwa mtunza stoo.

Tupige hesabu pamoja, maana sitaki mniamini kwa maneno matupu. Hapa Kenya tumezoea kwamba gunia la mahindi ni kilo 90. Chukua ghala lililopokea magunia 1,000 wakati wa mavuno, kila moja likiwa limepimwa kilo 90 kamili, na unyevu wa mahindi ni asilimia 18. Jumla ni kilo 90,000. Mahindi ya unyevu huo hayakai. Yataota ukungu, na ukungu ndio huleta sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5. Basi mahindi yanakaushwa, kama inavyopaswa.

Katika zile kilo 90,000, asilimia 82 ni mahindi bila maji, yaani kilo 73,800. Hizo hazibadiliki. Baada ya kukausha, kilo 73,800 zinakuwa asilimia 86.5 ya uzito mpya, kwa hivyo uzito mpya ni kama kilo 85,318. Kilo 4,682 zimepaa hewani. Ukiyafunga upya kwa kilo 90, unapata magunia 947 na kilo 88 zinazobaki sakafuni.

Sasa fungua programu. Inasema magunia 1,000. Stoo ina 947 na ushei. Programu haijui kwamba kuna jua, wala haijui kwamba kuna mashine ya kukaushia. Inajua 1,000 mara 90 tu. Kwa hivyo inatoa ripoti yenye rangi nyekundu: UPUNGUFU, MAGUNIA 52. Mkaguzi anaisoma, meneja anaisoma, na wote wawili wanageuka kumtazama mtu yule yule mwenye funguo.

Msidhani natunga. Kuna kampuni moja niliitwa kuunganisha programu yao na mizani mpya. Nikamkuta mtunza stoo, mzee wa makamo, anakatwa mshahara mwezi wa tatu mfululizo kwa sababu ya upungufu wa namna hii. Nilipomuuliza, hakunijibu kwa ukali. Aliniambia tu, "Kijana, mahindi hupungua. Mimi nimekaa nayo miaka mingi kuliko hiyo kompyuta yenu." Nikauliza ofisini kama kuna karatasi za kupima unyevu. Zilikuwepo! Faili nzima, tarehe moja moja, unyevu wa kuingia na unyevu wa kutoka, sahihi mbili kila ukurasa. Ukweli wote ulikuwa umeandikwa kwa kalamu. Programu tu ndiyo haikuwa na mahali pa kuupokea. Baada ya hesabu kama hiyo hapo juu makato yalisimamishwa. Aliyokwisha kukatwa, kwa ninavyojua, hakurudishiwa.

Huyo ndiye mtu ninayemfikiria kila mtengenezaji anaponiambia kwamba vipimo ni jambo dogo.

Sasa twende kwenye kiini. Kosa letu ni kudhani kwamba mabadiliko yote ya vipimo ni jambo moja, kizidisho tu. Ni mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni la kuhesabu. Bunda la unga lina pakiti 12 za kilo mbili mbili. Katoni ya sabuni ina vipande kadhaa, kiwanda ndicho kilichopanga, na idadi ni ile ile leo, kesho na mtondo. Hapo kizidisho ni halali. Ukifungua mabunda mia yaliyofungwa hivyo, utakuta pakiti 1,200.

La pili ni la kupima. Gunia moja la mahindi lina kilo ngapi? Huwezi kujua mpaka uliweke kwenye mizani. Leo 90, mwezi ujao 86, la jirani 93 kwa sababu mjazaji alishindilia. Gunia la viazi ndiyo usiseme. Mkulima yeyote wa Nyandarua anajua lumbesa ni nini: gunia linaloongezewa kofia ya wavu juu mpaka linafanana na mtu aliyebeba mtu, na bei inabaki ya gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa kifungashio kwa sababu hiyo hiyo: neno "gunia" lilikuwa linamwibia mkulima mchana kweupe. Hata gorogoro letu la sokoni, kopo la kilo mbili, hubonyezwa kitako likawa la kilo mbili kasoro.

Katika aina hii ya pili, uhusiano kati ya gunia na kilo si kizidisho cha kudumu. Ni tukio. Lilitokea siku fulani, kwenye mizani fulani, kwa mzigo fulani. Na tukio huandikwa kwenye jedwali la matukio pamoja na tarehe yake. Haliandikwi kwenye jedwali la bidhaa kana kwamba ni sheria ya maumbile.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na hifadhidata, lakini hili walilielewa. Walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, kwa kujaza nafaka. Na walikuwa na frasila, takriban kilo 16, kwa kupima uzito wa karafuu na pembe. Cha kujaza kilikuwa cha kujaza, cha mizani kilikuwa cha mizani. Sisi wenye digrii ndio tumevichanganya. Chuoni nilifundishwa kupanga majedwali mpaka yakapangika, nikafundishwa kutafuta njia fupi kwenye mtandao wa nodi elfu, lakini sikumbuki hata somo moja lililosema gunia ni nini.

Na msidhani tatizo ni upungufu peke yake. Ziada nayo ni hatari, tena hatari zaidi. Chukua vyuma vya ujenzi, nondo za milimita 12. Kwa hesabu, mita moja ina kilo 0.888, kipande cha mita 12 ni kilo 10.66, na tani moja ni vipande kama 94. Basi programu imeandikiwa kwamba tani ni vipande 94. Lakini viwanda huruhusiwa kutofautiana kidogo katika uzito, na vyuma vikitoka vyepesi kwa asilimia 3, tani hiyo hiyo ya mizani itakuwa na vipande karibu 97. Ukipokea tani 20 kwa mizani na kuruhusu kompyuta ibashiri idadi, una vipande karibu 60 ambavyo havimo kwenye programu. Vimelala stoo, vinaonekana kwa macho, lakini kwenye vitabu havipo. Mwenye mkono mrefu akivichukua usiku, ripoti ya kesho itakuwa safi kabisa.

Mmeona? Programu ile ile inamshtaki asiye na hatia kwenye mahindi na inamficha mwizi kwenye vyuma. Na yote ni kwa sababu ya safu moja yenye nambari moja.

Kuna nyingine tatu za kuudhi, nizitaje haraka.

Moja, desimali za uvivu. Mteja anataka pakiti nne kutoka kwenye bunda la pakiti 12. Karani anaandika 0.33, kwa kuwa programu inatunza stoo kwa mabunda. Wateja watatu wakifanya hivyo bunda limekwisha, lakini 0.33 mara tatu ni 0.99. Kwa hivyo kompyuta inaamini una sehemu moja ya mia ya bunda mahali fulani. Baada ya mwaka, stoo imejaa vizuka vya unga. Na ukitunza idadi kwa nambari za desimali za kawaida za kompyuta, zile ambazo 0.1 jumlisha 0.2 haitoi 0.3 kamili, basi umeongeza vizuka vya kwako mwenyewe. Tunza pakiti, kwa nambari nzima. Bunda ni njia ya kuonyesha tu.

Mbili, kubadilisha kizidisho chini ya miguu ya historia. Kiwanda kimepunguza katoni kutoka vipande 24 hadi 20. Karani anaingia kwenye bidhaa, anafuta 24, anaandika 20. Kama una katoni 100 za zamani, zilikuwa vipande 2,400. Sekunde moja baadaye ni 2,000. Vipande 400 vimeyeyuka bila mtu kugusa rafu. Katoni ya 24 na katoni ya 20 ni vifungashio viwili tofauti, na vinastahili mistari miwili tofauti. Hata utaratibu wa barkodi wa GS1 unataka kila kiwango cha ufungashaji kiwe na nambari yake: kipande nambari yake, katoni nambari yake. Wao walishafikiri. Sisi tunabandika tu.

Tatu, kuvuka kutoka lita hadi kilo kama vile ni kuvuka barabara ya kijijini. Mafuta ya kupikia ya lita 20 yana uzito wa kama kilo 18.4, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Anayeandika "lita 1 = kilo 1" kwa bidhaa zote ameunda hasara kabla hata ya kuuza.

Na kwa wale wanaosema hizi ni hesabu za stoo tu, hakuna atakayekufa, nawakumbusha Canada. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Air Canada, Boeing 767, ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Nchi ilikuwa inahama kutoka ratili kwenda kilo. Waliokokotoa walitumia kizidisho 1.77, ambacho ni ratili kwa lita, wakadhani ni kilo kwa lita. Cha kilo kilikuwa kama 0.8. Ndege ikapaa ikiwa na mafuta pungufu ya nusu ya yaliyotakiwa, injini zote mbili zikazimika angani, na marubani wakaiteremsha kwa kuelea tu mpaka Gimli, kwenye uwanja wa zamani wa jeshi. Hakuna aliyekufa. Lakini angalia kosa lilivyokuwa: nambari 1.77 ilisimama peke yake, bila kusema ni ya nini kwa nini. Ndivyo ilivyo ile 90 yako.

Sasa najua majibu yenu, nimeyasikia mengi.

"Mteja mwenyewe ndiye anataka iwe rahisi." Ni kweli, na ana haki. Lakini mteja hajui kwamba urahisi huo umenunuliwa kwa mshahara wa mfanyakazi wake. Wewe unajua, au ulipaswa kujua. Daktari hampi mgonjwa dawa tamu kwa sababu mgonjwa anapenda utamu.

"Tatizo ni watu, wafundishwe kuandika vizuri." Watu gani? Mtunza stoo aliandika unyevu kila siku na sahihi mbili. Aliyeshindwa kuandika ni programu.

"Basi tupige marufuku magunia, kila kitu kiwe kilo." Hili ndilo jibu linalonipendeza kwa sababu lina nia njema, na bado ni baya. Hamali hapakii kilo, anapakia magunia. Mlinzi wa lango hahesabu kilo, anahesabu magunia yanayotoka. Jioni mtunza stoo anazunguka rafu akihesabu magunia, maana hawezi kuweka magunia elfu moja kwenye mizani kila usiku. Ukimnyang'anya gunia umemnyang'anya njia pekee aliyonayo ya kuthibitisha kwamba mali iko. Gunia ni jambo la kweli. Kilo ni jambo la kweli. Dawa ni kuviandika vyote viwili, kila kimoja kwa haki yake.

Kwa hivyo fanya hivi, na si kazi ya mwezi.

Kila bidhaa ipe kipimo kimoja cha msingi, kidogo kuliko vyote unavyoweza kutoa: pakiti, kipande, gramu, mililita. Hicho ndicho kinachotunzwa, kwa nambari nzima. Vipimo vichaguliwe kutoka orodha, visiandikwe kwa mkono.

Vifungashio viweke kwenye jedwali lake, kila bidhaa na vyake, na kisichotumika kifungwe kwa tarehe. Kisifutwe, kisibadilishwe.

Bidhaa zinazotofautiana kwa asili, kama nafaka, viazi, samaki, nyama na vyuma, zipe safu mbili katika kila mwendo wa mali: idadi iliyohesabiwa na uzito uliopimwa. Usikokotoe moja kutoka kwa nyingine. Kama mizani haikutumika, acha uzito wazi. Pengo la kweli ni bora kuliko nambari ya kubuni.

Andika kile mtu alichosema hasa. Kama karani aliingiza "mabunda 3", tunza "mabunda 3" pamoja na pakiti 36. Siku ya ubishi utataka kujua alichoandika, si tafsiri yako.

Na mwisho, upungufu uwe na sababu. Kukauka, kumwagika, panya, tofauti ya mizani. Weka orodha hiyo, weka na mahali pa kuandika unyevu wa kuingia na wa kutoka. Kisha programu ipige ile hesabu ya asilimia 82 na 86.5 yenyewe. Ni mstari mmoja wa msimbo! Mstari mmoja unaosema: kati ya magunia 52 yanayotafutwa, yote 52 ni maji. Siku itakayosema 52 yamepungua na maji ni 30 tu, hapo sasa una swali la haki la kumuuliza mtu.

Hata serikali imetutangulia kidogo. Mfumo wa ankara wa KRA, eTIMS, unataka kila bidhaa iwe na msimbo wa kifungashio na msimbo mwingine wa kipimo. Safu mbili, si moja. Nimewasikia wenzangu wakilalamika kwamba ni usumbufu, wakaweka thamani moja kwenye zote mbili ili ombi lipite. Yaani mtoza ushuru amekuletea swali sahihi mpaka mlangoni, nawe unamjibu kwa kunakili na kubandika.

Watengenezaji wenzangu, sisi hupenda kusema kompyuta haidanganyi. Meneja naye ameliamini hilo neno, ndiyo maana ripoti yetu ikipingana na mzee wa stoo, anayeaminika ni ripoti. Basi tuistahili imani hiyo. Wiki hii fungua hifadhidata ya mteja wako mmoja, tafuta safu ya kizidisho, na kwa kila nambari uliyoiona jiulize swali moja: hii ilihesabiwa au ilipimwa? Kama ilipimwa, lini, na nani alikuwa kwenye mizani? Ukikosa jibu, itoe hapo kabla mtu hajakatwa mshahara kwa ajili yake.